Mgongo wa Shamba la Tata

Shamba lilikuwa limepasuka. Nilisimama ukingoni, begi begani na mfuko wa nduma mkononi, nikautazama udongo mweusi uliokatika vipande vipande huku mpunga umesimama juu yake. Nyufa nyingine zilikuwa pana kuliko kidole changu. Niliinama nikakiingiza katika ufa mmoja. Kiliingia chote na hakikugusa maji.

Lilikuwa shamba la tata, dada mdogo wa mama yangu. Kwetu shangazi na mama mdogo wote tunawaita tata. Liko Mwea, kwenye mashamba ya mpunga ya kumwagilia, na nikiwa mwanafunzi likizo zangu zote nilizimalizia pale nikifukuza ndege kwa kelele na makopo. Katika likizo zote hizo sikuwahi kuuona udongo wa shamba lile mpunga ukiwa bado shambani. Maji yalikuwa juu siku zote, kuanzia miche inapopandikizwa hadi siku chache kabla ya kuvuna. Mume wa tata, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na msemo wake. Tukipita kando ya shamba lililokauka alitema mate na kusema, "Shamba likionyesha mgongo, mwenyewe yuko kwa pombe." Nasi tulicheka, kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli. Shamba kavu lilikuwa la mlevi, au la mgonjwa, au la mjane asiye na mtu wa kumpigania maji.

Tata ni mjane. Hilo ndilo lililonichoma.

Kisha nikaona mabomba. Vilikuwa vipande vitatu vya bomba la plastiki, vimechomekwa wima katikati ya mpunga na kuachwa vichwa nje. Mimi ni mwandishi wa mabango. Nimeandika majina ya maduka, bucha na saluni katika karibu kila mji unaouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Chuka, Embu. Katika kuzunguka huko nimeona mashamba mengi yakichomekwa vigingi namna hiyo, na ukirudi mwaka unaofuata unakuta ploti na nyumba za mabati. Nikajiambia: ameuza. Au kuna mtu anamnyang'anya, naye ameona haya kutuambia.

Nilikwenda nyumbani kwake, hatua chache kutoka shambani. Mlango ulikuwa na kufuli. Sikuwa nimepiga simu. Mimi hufika bila kupiga simu, na huondoka vivyo hivyo. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Majengo, Nyeri, ninakopanga chumba, nimechoshwa na kubeba mitungi. Kwenye ploti yetu maji yalikuwa yakija siku mbili kwa wiki, na siku nyingine hayakuja kabisa. Nilikuwa nimelala nikiota sauti ya mifereji ya Mwea. Mahali pekee ambapo nilikuwa na hakika kwamba maji hayajawahi kuadimika ni kwa tata, na sasa nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yake nikilitazama shamba lake kavu kwa hasira.

Nikarudi shambani. Mfereji ulikuwa na maji. Yalikuwa machache kuliko ninavyokumbuka, lakini yalikuwa yanapita, yanalipita shamba la tata na kwenda zake chini kwa mashamba ya watu wengine. Hapo hasira ikawa na mahali pa kwenda.

Zamani lango la maji lilikuwa gunia la mchanga na tope, ukilisogeza kwa mguu. Sasa palikuwa na kisanduku cha saruji na bamba la chuma lenye kishikio. Hapakuwa na kufuli wala maandishi yoyote. Nilishika kishikio nikavuta bamba juu hadi mwisho.

Maji yaliingia kwa ile sauti ninayoijua. Yaliingia kwenye nyufa na nyufa zikatoa mapovu. Nilivua viatu, nikaingia, nikang'oa yale mabomba matatu, nikayatupa kwenye tuta. Baada ya saa moja hivi nusu ya shamba ilikuwa inang'aa. Nilikaa nikawasikiliza vyura. Nilijiona mtoto wa maana sana.

"Wewe! Wewe mwenye kofia!"

Alikuwa mzee mmoja, jirani wa chini ya mfereji, anakuja juu ya tuta kwa mwendo ambao hata kijana angeogopa kuanguka. Suruali yake ilikuwa imekunjwa hadi magotini, na mkononi alishika jembe.

"Nani amekuambia ufungue hiyo lango?"

"Na wewe nani amekuambia ufunge?" nikamjibu. "Mnamkaushia mama mjane shamba halafu mnapitisha maji kwenu. Hamna aibu?"

Alisimama. Alinitazama miguu yenye tope, akatazama shamba, akatazama mabomba kwenye tuta. Hasira ilimtoka usoni na mahali pake pakaja kitu kingine, kama mtu aliyeona ajali.

"Woi," alisema polepole. "Ati umeng'oa hata paipu?"

Hakuningoja nijibu. Alishika bamba akalishusha chini kwa uzito wa mwili wake wote. Wakati huo huo alifika mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gambuti hadi magotini, akishuka kwenye bodaboda hata kabla haijasimama vizuri. Huyu, nilikuja kujua, ndiye mgawa maji wa mfereji ule, aliyechaguliwa na wakulima wenyewe. Alikuwa ameona maji yamepungua kule chini akafuata mfereji hadi juu.

"Huyu ni nani?" akamuuliza mzee.

"Ni mtetezi wa wajane," mzee akasema. "Amekuja kutuokoa."

Ndipo tata akatokea. Alikuwa amevaa nguo nzuri, sweta la buluu na kitambaa kichwani, na faili chini ya kwapa. Alikuwa ametoka mjini, kwenye ofisi ya wadi. Aliponiona alifungua mikono anikumbatie. Mikono ikabaki hewani. Alikuwa amekwisha kuliona shamba.

Sijawahi kuona uso ukibadilika namna ile. Alichukua bomba moja kutoka kwenye tuta, akalifuta tope kwa kitambaa cha kichwa, akalitazama. Ndipo nami nikaona kwamba lilikuwa limetobolewa matundu madogo madogo pande zote, na ndani lilikuwa na alama ya rangi.

"Ilikuwa zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu, mama," mzee akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mpunga wangu uko kwa maua."

"Na mimi ilikuwa niingie Jumatano ijayo," tata akasema. "Sasa siingii."

Mgawa maji alitazama gambuti zake.

Sikuelewa kitu. Nilielewa jioni, wakati tata alipoweka nduma zangu motoni na kunieleza bila kuinua sauti, na ingekuwa heri kama angeinua. Shamba halikuwa limeachwa. Lilikuwa limekaushwa makusudi. Siku hizi, aliniambia, unaweka maji, unayaacha yazame. Unatazama ndani ya bomba kwa kijiti. Maji ndani ya bomba yakishuka hadi kwenye alama, ndipo unaomba zamu. Udongo wa juu unaweza kupasuka, lakini chini bado kuna unyevu.

"Mizizi inashuka kutafuta maji," alisema. "Inahamahama kama wewe. Tofauti ni kwamba yenyewe inapata."

Ni wakati mmoja tu mpunga haukubali mchezo huo: unapochanua. Siku hizo maji lazima yakae juu, ama suke halishiki punje. Na zamu niliyompotezea ndiyo zamu ya maua. Sheria ya mfereji ilikuwa fupi: lango likifunguliwa nje ya zamu, shamba lile linakosa zamu inayofuata. Kusema ni mgeni hakukusaidia, wala kusema ni mtoto. Maji niliyoyaingiza yangekuwa yamezama kabla maua hayajatoka.

"Nani alitunga sheria kama hiyo?" nikauliza.

"Mimi," alisema.

Alikuwa mjumbe wa kamati ya tabianchi ya wadi. Tata, ambaye mimi nilimjua kwa kuku na nyimbo za kanisani. Alichaguliwa, alisema, kwa sababu alichelewa kufika barazani na kiti kilichobaki kilikuwa cha mbele. Kabla ya hapo watu wa mwisho wa mfereji walikuwa wamekosa maji msimu mzima. Wanaume wazima walishikana mashati juu ya tuta. Ofisi ya wadi ilikuja na saruji na mabamba, ikajenga malango mapya, lakini afisa akawaambia wazi: malango tunajenga sisi, zamu mtapanga nyinyi. Na tata ndiye aliyekubali shamba lake, lililo kando ya barabara, liwe la kwanza kukaushwa, watu wote wapate kuona.

"Msimu wa kwanza watu walipita hapo wakiniuliza kama nimeanza kunywa," alisema. Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilivumilia, na mpunga ukaja. Wakaanza kuniuliza paipu inatoboliwa vipi. Halafu leo wewe ndio unakuja kunionea haya. Wewe wa kwangu."

Asubuhi yake kamati ya mfereji ilikutana palepale langoni, watu kama kumi na tano, wengine na majembe, wengine wameegemea baiskeli. Nilitaka kujitetea. Nilikuwa nimepanga maneno. Lakini aliyesimama kwanza alikuwa yule mzee niliyemkatia maji.

"Mimi naomba tumsamehe mama," alisema. "Huyu mtu hakujua. Si tunaweza kuandika kwamba maji yaliingia yenyewe?"

"Yalijivutia bamba?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

"Hata mbuzi inaweza kuvuta bamba."

"Mbuzi gani hiyo yenye kofia?"

Walicheka tena, na nikaona kwamba wengi wao walikuwa tayari kulimaliza jambo hapo. Moyo wangu ulianza kupoa. Kisha tata akasimama.

"Mimi ndio nilinyoosha mkono wa kwanza kwa hii sheria," alisema. "Mwaka jana tulimnyima zamu mama mmoja hapa chini, na alikuwa na mtoto hospitali. Alilia, na hatukumpatia. Leo mniachilie mimi kwa sababu niko na faili? Zamu yangu imepotea. Andikeni hivyo."

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemwonea huruma mwanamke asiye na mtu wa kumpigania, kumbe mwanamke huyo hakuwahi kuwepo.

Mgawa maji alinigeukia. "Na wewe unafanya kazi gani?"

"Naandika mabango."

"Kumbe! Basi hili lango halina bango. Tulidhani kila mtu ako kwa grupu ya simu."

Niliandika siku hiyo hiyo, kwa rangi nyekundu nilizokuwa nazo begini, kwenye saruji ya kisanduku: USIFUNGUE. KILA SHAMBA LINA ZAMU. Watu walisimama nyuma yangu wakisahihisha. Mzee jirani alisema hapana, hiyo haitoshi. Akanilazimisha niongeze chini: HATA KAMA NI LA TATA YAKO. Bado liko pale.

Kesho yake kulipambazuka bila wingu. Tulikuwa tumesimama uani, tata anawamwagia kuku mahindi, nikatazama juu kaskazini na mlima ukawa umejifunua wote. Niliutazama kwa muda mrefu kabla sijaelewa ninachokitafuta. Nilikuwa nautafuta weupe. Palikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo tu kati ya vilele, kama chokaa iliyofutwa vibaya ubaoni. Mahali pengine pote palikuwa jiwe jeusi.

"Theluji imeenda wapi?" nikauliza, kama mtoto.

"Wewe unakaa Nyeri," tata akasema. "Unauona kila asubuhi kutoka karibu kuliko sisi. Ndio unaniuliza mimi?"

Nimeuchora mlima ule kwenye kuta nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, juu ya majina ya bucha na hoteli, na kila mara nimemalizia kwa kopo la rangi nyeupe kileleni. Hakuna mwenye duka aliyewahi kulalamika. Nimekuwa nikichora mlima wa utotoni, huku wenyewe ukinitazama mgongoni. Tata wala hakusema theluji ndiyo iliyokuwa ikijaza mfereji. Alisema mvua ndiyo imekuwa haieleweki, ikija inabomoa, ikienda inasahau kurudi, na mto unashuka mapema. Lakini kilichonitisha ni kwamba mimi, mtu wa kutembea na kutazama, sikuwa nimeona lolote.

Siku hizo nilikuwa na sababu zote za kuondoka. Mguu wangu huwashwa nikikaa mahali zaidi ya wiki. Nilibaki. Kila asubuhi nilikwenda na kijiti kutazama ndani ya mabomba, ambayo niliyarudisha kwa mikono yangu huku tata akinielekeza, na kila asubuhi maji yalikuwa chini zaidi. Kisha Jumatano ikafika. Nililala kifudifudi juu ya tuta nikasikia maji yanapita mfereji mzima, yanalipita lango tulilolifunga. Kwenye mpunga, masuke ya kwanza yalikuwa yanatoka.

Chini kabisa ya shamba kuna mtaro wa kutolea maji, ambao hukusanya yanayovuja kutoka mashamba yote ya juu. Ni maji ya tope, yenye harufu, na huishia mtoni. Nilimfuata mgawa maji.

"Ule mtaro wa chini uko kwa zamu ya nani?"

Alifikiri. "Huo ni wa vyura."

"Nikichota nimevunja sheria?"

"Sheria yetu ni ya lango," alisema. Kisha akanitazama. "Lakini utachota na nini? Na kofia?"

Mzee jirani ndiye aliyenipa pampu, ile ya kukanyaga kwa miguu ambayo alikuwa akimwagilia nyanya zake. Aliileta kwenye baiskeli, akanifungia mpira wa maji kwa kipande cha mpira wa tairi, akaketi kwenye tuta kutazama. "Wacha nione kama mtetezi wa wajane ako na miguu," alisema.

Nilikanyaga siku tano, toka jua linapochomoza hadi linapokuwa kali, na tena kuanzia alasiri. Pampu inakuingia kwenye mapaja, halafu kwenye kiuno, halafu unaacha kujua inapokuingia. Maji yalitoka kiasi cha mkono wa mtoto. Yalitambaa kutoka mtaroni kupanda juu, shina kwa shina, na kwa sababu shamba lina mteremko mdogo ambao huwezi kuuona kwa macho, yalifika karibu nusu yakagoma. Nilijenga tuta dogo la tope yasirudi. Upande wa juu, kwenye lango langu, hayakufika. Nilisogeza pampu, nikaongeza mpira, nikakanyaga tena. Hayakufika. Siku ya tano tata alikuja na uji kwenye jagi, akasimama mahali maji yalipoishia, akatazama maua madogo meupe juu ya masuke yaliyosimama kwenye udongo mkavu.

"Shuka," alisema. "Haya mengine yameenda."

"Bado siku moja, tata."

"Shuka, unywe uji."

Hadi kuvuna nilikuwa bado pale. Kutoka barabarani mstari ulionekana wazi kana kwamba nimeuchora kwa brashi: chini ya mstari mpunga ulikuwa wa dhahabu na masuke yameinama, juu yake masuke yamesimama wima. Asiyejua angedhani yaliyosimama ndiyo mazuri. Suke halisimami hivyo ila likiwa tupu. Watu walipita wakauliza, kwa sababu shamba lile ndilo watu wa barabara ile wanalotazama, na tata hakumficha yeyote. "Ni kijana wa dada yangu," alikuwa akiwaambia, huku akininyooshea kidole. "Alikuja akanisaidia." Wengine walicheka, na wengine waliuliza kuhusu ule mtaro wa vyura.

Nusu ya chini ilipigwa na kujazwa kwenye magunia. Yalikuwa machache, lakini yalikuwa mpunga. Nusu ya juu tulikubaliana iende kwa ng'ombe wa mzee jirani, na nikasema nitaikata mwenyewe. Nilichukua mundu asubuhi na mapema. Ukikata mpunga uliojaa, mkono wa kushoto unashuka kidogo kila unaposhika fungu, kwa uzito wa punje. Nilijua hilo tangu nikiwa mtoto, ila sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilikata fungu la kwanza, la pili, la kumi, kuelekea lango lenye maandishi yangu mekundu, na mkono wangu haukushuka hata mara moja.